Hesabu ya Shimo la Tano

Mwezi wa Aprili milima ya Lempira hunuka moshi,
nami ni mmoja wa wanaoinukisha.
Babu alichoma. Baba alichoma. Mimi, Doroteo,
nilirithi ekari mbili za mteremko na kibiriti.

Jirani yangu Toribia hachomi.
Hukata matawi ya mpera na laureli kwa panga,
huyalaza juu ya udongo kama mtu anayemfunika mgonjwa,
kisha hupenyeza mahindi katikati ya takataka zile.
Nilimcheka miaka sita.
Shamba lako, nilimwambia, ni nywele za mfiwa.

Oktoba iliyopita akaja msichana wa chuo, Yesenia,
na fremu ya mbao, nusu dhiraa kwa nusu dhiraa,
nyundo, sinia jeupe, chupa za spiriti.
"Nahesabu walio hai," alisema,
kama karani wa sensa asiyejua kubisha hodi.

Akaanza kwangu.
Tofali la udongo lilitoka jekundu, likavunjika kama kigae.
Tukalichambua kwa vidole, donge kwa donge,
mpaka jua likatuchoma visogo.
Wanne.
Sisimizi watatu (na hao, naapa, walikuwa wapita njia)
na buu mmoja, mweupe, amejikunja
kama alama ya kuuliza.
Aliandika 4. Wino haukushika, akakoleza,
na mara ya pili ile 4 iliniuma zaidi.

Kwa Toribia fremu haikuhitaji nyundo.
Ilizama.
Udongo mweusi, unanuka mvua ya wiki iliyopita,
ile ile iliyonipita mimi mbio hadi bondeni.
Ukamwagwa, na sinia likatembea.
Nyungunyungu wa waridi, mwembamba kuliko uzi wa kushonea gunia;
mwingine mnene, rangi ya ini, akijivuta bila haraka
kama mwenye shamba.
Jongoo akajiviringa, akawa kifungo cha koti.
Konokono mdogo kuliko punje ya ulezi.
Na vile vidudu visivyo na jina kijijini kwetu,
virukavyo kama mafuta kwenye kikaango:
vipo hapa,
havipo.
Yesenia alihesabu kwa sauti, akapotea kwenye sitini na moja,
akaanza upya. Mimi nilimshikia chupa.

Shimo la tano, chini ya mparachichi, akanyamaza.
Tandu. Rangi ya kutu.
Amelizunguka fungu la mayai,
miguu yote imeyakumbatia.
Hakukimbia, hakuuma. Alizidi tu kubana.

Kibano kikateremka.
"Huyo mwandike," alisema Toribia, "lakini haingii chupani."
"Mama, bila kielelezo hesabu haina ushahidi."
"Ushahidi ni mimi. Nimemwona. Doroteo naye amemwona."
Wote wawili wakanigeukia.
Sikumbuki kama nilisema ndiyo.
Nakumbuka nilivua kofia,
nikaifanya kivuli juu ya shimo
wakati Toribia akirudisha udongo, na jani, na jani.

Daftari lilisema tisini na tatu. Chupani, tisini na wawili.
Yesenia alichora kinyota pembeni, hakukieleza.

Moto huzaa jivu, husema watu.
Hawasemi hula nini
siku zile za mimba.

Leo ni Aprili tena. Kibiriti kiko mfukoni.
Nimepiga goti kwenye mteremko wangu,
nabonyeza kidole pale alipotolewa yule buu.
Ardhi haibonyei.
Ng'ambo ya mto, kwa akina Nazario, kumeshaanza kufuka.
Mwanangu, mkononi tawi bichi la kuzuia cheche,
ananiuliza tunangoja nini,
nami namwambia: upepo.

Hakuna upepo.